Itulo Haipandi Pikipiki

Pulchérie aliponiambia tubadilishane mali, tulikuwa jikoni kwangu mjini Baraka tunachambua sombe, majani ya muhogo. Yeye alikuwa na nyumba kubwa karibu na ziwa, yenye ukuta, geti la chuma na tangi la maji juu ya paa, na shirika moja la misaada lilikuwa limeipanga kwa dola. Mimi nilikuwa na milango mitatu ya duka kwenye barabara ya soko. Mama yangu aliijenga kwa faida ya mawese, tofali baada ya tofali, akaniachia mimi peke yangu. Wapangaji wangu walikuwa fundi wa simu, muuza sukari na muuza dawa, na kila mwisho wa mwezi mmoja wao alikuwa na mgonjwa kwao.

Pulchérie alisema mimi nina watoto wa kusomesha, nichukue nyumba nipate dola zangu bila kugombana na mtu. Yeye anauza vitenge, anahitaji milango ya sokoni. Thamani iko karibu sawa, hakuna wa kumwongezea mwenzake.

Hesabu ilikuwa nzuri. Nina diploma ya biashara, niliisomea Uvira benchi moja na Pulchérie huyo huyo, na hesabu nzuri naijua nikiiona. Ukiuza mali ili ununue nyingine, pesa huliwa njiani: kuna dalali, kuna mashahidi, kuna mjomba ambaye hujamwona tangu vita na ghafla amesikia kwamba una noti ndani ya nyumba. Ukibadilishana, noti hazipiti mkononi mwa mtu. Thamani yako inatoka kwenye ukuta mmoja na kuingia kwenye ukuta mwingine, basi. Tuliandika hati, tukasaini mbele ya chefu wa mtaa na majirani, tukanywa soda, tukakumbatiana.

Mvua za kwanza zilipoanza, shirika lilifunga ofisi. Wazungu waliondoka, madereva wakafuata, jenereta ikapakiwa kwenye lori. Aliyebaki ni zamu, mlinzi wa getini, mzee mpole aliyekuja kuniuliza nani atamlipa sasa. Katika mazungumzo akaniambia jambo ambalo hakujua kwamba silijui. Mkubwa wa shirika alikuja mwenyewe kumuaga Pulchérie zamani kabla ya sisi kusaini. Walikaa uani. Zamu mwenyewe ndiye aliyewaletea viti.

Nikamwacha zamu na viti vyake, nikaenda sokoni.

Pulchérie alikuwa amekaa kwenye mlango wa kati, kati ya marobota ya vitenge, na wateja wanne au watano wamemzunguka. Nilimwambia alijua kwamba wapangaji wanaondoka. Hakukana. Alikunja kitenge alichokuwa ameshika, akakiweka juu ya vingine, akaninyooshea vidole vyake vyenye kucha za rangi.

“Mama Dany, mi nilikupa nyumba, sikukupa bazungu. Nyumba si iko pale? Imetembea?”

Wale wanawake walicheka. Mmoja alicheka mpaka akashika mlango wa mama yangu asianguke.

Chefu wa mtaa alisoma hati yetu mara mbili, akasema imeandikwa nyumba kwa milango, wapangaji hawakuandikwa. Alisema kweli. Mume wangu Raphaël, ambaye ni mwalimu na ana moyo laini kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye watoto, alisema tumwachie Mungu, Mungu anaona. Nilimjibu kwamba Mungu anaona lakini hasaini hati.

Nyumba ilikaa tupu. Wakati huo mashirika yalikuwa yanapunguza watu kila mahali, na nyumba za ukuta na geti zilikuwa nyingi Baraka kuliko watu wa kuzilala. Majani yaliota uani. Mijusi ilipanga bila kulipa. Mwana wangu Dany alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya ada, akakaa kizingitini na mkoba wake mgongoni. Siku ile niliamua. Milango ya mama yangu itarudi, na Pulchérie atairudisha kwa mkono wake mwenyewe, akidhani ananilaghai kwa mara ya pili.

Wengi hawajui kwamba mali isiyotakiwa na mtu hapa bado inatakiwa na mtu mahali fulani. Kazi ni kumtafuta. Mimi nilimpata kule Misisi, kwenye machimbo. Anaitwa Déogratias, ananunua dhahabu kwa wachimbaji, na mke wake alikuwa amechoka na vumbi, walevi na milio ya risasi. Mwanamke yule alitaka geti analoweza kulifunga. Alitaka watoto wake wasikie ziwa badala ya watu. Nilimtembeza katika ile nyumba, chumba kwa chumba, na alipofungua bomba la bafuni na maji yakatoka, nilijua biashara imekwisha.

Kwa upande wake Déogratias alikuwa na shamba la mpunga bondeni, upande wa Lusenda. Alilipata zamani kwa ukoo wa mzee Casimir, akachimba mifereji mizuri, kisha dhahabu ikamvuta Misisi asirudi tena. Shamba lilikuwa linalimwa na wakimbizi wa Burundi kutoka kambi ya huko, Sinzinkayo na mke wake Renilde, kwa makubaliano ya nusu: nusu ya mavuno yao, nusu ya mwenye shamba. Tulibishana mchana mzima kuhusu nini ni kikubwa, nyumba au shamba. Mwisho aliniongezea mashine yake kuukuu ya kukoboa mpunga, tukasaini.

Déogratias alikuwa mtu mnyoofu. Kabla sijashika kalamu aliniambia kuhusu itulo. Ardhi ile ina hati ya kulimwa, lakini mwenyewe ni ukoo. Anayeingia kulima hupeleka itulo kwa mkubwa wa ukoo: mbuzi na kinywaji kabla ya kupanda, kikapu cha mpunga baada ya kuvuna. Asiyepeleka hapandi, hata akiwa na karatasi ya Kinshasa. Na mtu huipeleka yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ili ukoo umwone uso.

Basi nikaenda. Mbuzi alikataa kuvuka kijito, nikamsukuma kwa goti, tukaingia wote majini. Kichwani nilikuwa na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi. Nilipofika kwa mzee Casimir nilikuwa na matope mpaka kiunoni, na mzee alikuwa anakula bukari, ugali wetu wa muhogo. Aliendelea kula. Shangazi mmoja wa pale, kikongwe asiye na meno, alinionyesha mahali pa kukaa, na nilipokaa akasema nikae chini zaidi. Nikakaa chini zaidi. Mzee alinawa mikono, akaniuliza babu yangu alikuwa nani, na babu wa babu, nani aliolewa wapi, nani alikimbilia Tanzania wakati wa vita na nani alibaki. Ukoo mzima ulinusa kasiksi yangu ukitafuta kasoro. Halafu akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nina diploma.

“Diploma inalima?”

“Hapana, muzee. Renilde ndiye analima.”

Walicheka, na mara ile kicheko hakikuniuma. Mzee aliweka mkono juu ya mgongo wa mbuzi na kusema shamba ni langu kulima. Niliondoka na magoti yenye ganzi, lakini njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja. Nilikuwa namwona Pulchérie amekaa pale chini, na shangazi anamwambia akae chini zaidi. Sikuweza kumwona. Nilijaribu kwa kila njia, picha haikuja.

Pulchérie hajawahi kufika mahali popote panapomtaka ainame. Wakati wa msiba wa mama yangu, yeye rafiki yangu wa miaka yote alimtuma mdogo wake Wilfried na kreti ya vinywaji kwenye pikipiki, na ujumbe kwamba mzigo wa vitenge umeingia kutoka Uvira, hawezi kuacha. Kwenye ndoa anatuma bahasha. Kwenye kilio anatuma bahasha. Wilfried ndiye miguu yake.

Msimu ule mpunga ulikubali. Renilde na Sinzinkayo walifanya kazi mpaka ngozi ya miguu ikabanduka, na bei ilikuwa nzuri kwa sababu kambi inakula na Baraka inakula. Ningeweza kushusha magunia yangu popote. Niliyashusha mbele ya milango ya mama yangu. Lori lilisimama pale pale, wapagazi wakaanza kupita na magunia mabegani mbele ya vitenge vya Pulchérie, na mimi nikasimama pembeni nikiwahimiza polepole. Wanunuzi waligombania. Pulchérie alitoka mlangoni akaanza kuhesabu kwa macho.

Alikuja kwangu Jumapili baada ya misa. Alileta keki. Alisema amesikia nina bahati. Akauliza shamba ni la ukubwa gani, maji yanatoka wapi, nusu ya Warundi ni nusu kamili au inaweza kupungua. Aliuliza kama ningeliuza. Nikasema hapana. Akarudi tena na kuku wawili. Nikasema hapana, nikachukua kuku. Vitenge vilikuwa vinamkalia siku hizo, kila mtu alikuwa anauza vile vile, na wapita njia walikuwa wanagusa bila kununua. Mara ya tatu hakuleta kitu. Alisema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake: milango mitatu kwa shamba, na mashine ya kukoboa ndani yake.

Nikajifanya nafikiri. Nikamwambia nitamuuliza Raphaël. Raphaël hakuulizwa.

Siku ya kusaini nilileta mashahidi wengi kuliko wanaohitajika. Nilimleta Déogratias. Nilileta majirani wa pande zote za milango. Nilisoma hati kwa sauti, na nilipofika kwenye itulo nikasimama, nikamtazama Pulchérie usoni, nikasema kila neno kama nilivyoambiwa mimi: mbuzi, kinywaji, kabla ya kupanda, na mwenyewe anaenda kwa miguu yake kwa mzee Casimir. Nikamwomba chefu wa mtaa arudie. Akarudia. Iliandikwa pia kwamba kila mmoja anachukua mali na wajibu wake, na akishindwa wajibu hasara ni yake.

Pulchérie alikuwa anatazama simu.

“Mama Dany, unasoma kama padri. Itulo iko mbuzi. Mbuzi itanishinda mi?”

“Haitakushinda. Nenda we mwenyewe tu.”

“Nimesikia.”

Alisaini. Aliomba vitenge vyake vibaki katika milango mpaka kupanda kuishe, apate muda wa kutafuta mahali pengine. Niliandika hilo pia. Kwa hiyo nilitoka pale na karatasi mkononi, lakini funguo bado zilikuwa kiunoni kwake. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba kama atakwenda kwa mzee Casimir akakaa chini nusu saa, atakuwa na shamba linalozidi milango yangu kwa mbali, na mimi nitakuwa nimempa utajiri. Niliweka milango ya mama yangu juu ya magoti ya Pulchérie. Kama yangekunjika, ningeshindwa.

Sikumkumbusha tena. Nilikuwa nimemwambia mara moja mbele ya watu, na mara moja ni zaidi ya aliyonipa yeye.

Habari ililetwa na Renilde. Alikuwa kwa mzee Casimir siku hiyo, amepeleka kuni, na alishuhudia yote. Wilfried alifika kwa pikipiki, mbuzi amefungwa nyuma kwenye keria, miguu juu, ulimi nje. Hakuzima injini. Alishusha mbuzi, akatoa bahasha mfukoni, akasema hii ya kinywaji, mtanunua wenyewe mnachopenda. Mzee akauliza mwenye kulima yuko wapi. Wilfried akasema yuko sokoni, ana kazi nyingi, amewasalimu sana. Kisha akatoa karatasi na kalamu, akamwomba mzee asaini kwamba amepokea.

Renilde alisema hakuna aliyepiga kelele. Shangazi asiye na meno ndiye aliyeinuka, akamfungua mbuzi, akampa maji kwanza kwa sababu mnyama hana kosa, halafu akamrudisha kwenye keria. Mzee alimwambia Wilfried azime pikipiki. Alipoizima, akamwambia aiwashe aende.

Nilicheka mpaka nikakaa. Renilde hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na kitenge chake chenye matope, ananitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize.

“Sasa ukoo umesema huyo mama hapandi,” alisema. “Miche yangu iko tayari, Mama Dany. Imefika hapa.” Akaonyesha kiganja. “Muzee mwenye dahabu alibadilisha shamba na we, we ukabadilisha na mama wa vitenge. Sisi tuko ndani ya shamba kama vyura. Nani alituuliza?”

Hakuna aliyewauliza. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba mambo haya yatafika mbele ya ukoo, na nikiwa pale nitasema jina lake. Akaniambia niseme mapema, miche haisubiri wanawake wa Baraka wamalize kugombana.

Yalifika mbele ya ukoo kwa sababu Pulchérie aliyafikisha. Alikwenda kwa chefu wa mtaa akasema nimemuuzia mbuzi ndani ya gunia, shamba halilimiki, hati ivunjwe, kila mtu arudi na mali yake. Na huku akisubiri jibu, aliongeza kufuli mpya kwenye milango yote mitatu. Chefu alikuna kichwa. Alisema itulo si jambo la ofisi yake. Wazee wa lubunga watasema kama kosa ni la aliyetoa shamba au la aliyepokea, na watakavyosema, ndivyo atakavyoandika. Wakisema ni langu, milango inabaki kwa Pulchérie na mimi narudi kwenye matope.

Lubunga ni kibanda cha wanaume cha ukoo, kuta nusu, moto katikati. Wanawake hatuingii. Tuliketi nje chini ya ukingo wa paa, tunasema kwa kupitisha sauti juu ya ukuta. Mimi nilikuwa kwenye mkeka. Pulchérie alikuja na kiti cha plastiki kutoka Baraka, Wilfried amekibeba. Alivaa kitenge kipya cha bei, na viatu vyake vyeupe aliviweka juu ya jiwe visiguse ardhi. Shangazi asiye na meno alikitazama kiti kile muda mrefu.

Pulchérie alisema vizuri, lazima nikubali. Alisema mbuzi alikuwa mnene, pesa ya kinywaji ilitosha kunywesha ukoo mzima, na siku hizi kila kitu kinatumwa, hata mahari inatumwa kwa simu. Akasema mimi nilijua kwamba wazee watakataa, nikanyamaza, nikamwacha atumbukie. Chefu wa mtaa alieleza nilivyosoma hati. Déogratias akaeleza. Majirani wakaeleza. Kila mmoja alirudia maneno yale yale: mwenyewe, kwa miguu yake. Pulchérie alikuwa anakunja na kukunjua leso.

Ndipo akageuka akaongea na mimi, akaacha wazee.

“Sema kweli, Mama Dany, mbele ya hawa bababa. We unanijua tangu Uvira. Ulijua mi sitakuja huku. Ulijua ama hukujua?”

Mzee Casimir aliinuka kutoka kwenye moto, akaja mpaka kwenye ukuta, akaegemeza viwiko. Aliniuliza swali hilo hilo, polepole, kama mtu anayetaka jibu na si maelezo. Niliona Raphaël, aliyekuwa amekaa na wanaume, ananitikisia kichwa niseme hapana. Hapana ilikuwa rahisi. Kwa hapana moja milango ilikuwa yangu.

Lakini nilikuwa nimesubiri sana. Sikutaka Pulchérie aondoke pale akidhani ni ajali.

“Nilijua,” nikasema.

Mtu alikohoa. Pulchérie aliinua mikono kwa wazee kama aliyeshinda.

“Nilijua, muzee. Nilimwambia neno lote mbele ya batu, nikarudilia, na nilijua hatafanya. Mama yangu alipokufa alituma pikipiki. Kwa maiti ya mama yangu alituma pikipiki na kreti ya Fanta. Nikasema, huyu ardhi haitamushusha. Na yeye alijua bapangaji banaondoka, akakula sombe yangu akanyamaza. Mi sikunyamaza. Hiyo ndiyo tofauti yetu, mukitaka kuniazibu muniazibu juu ya hiyo.”

Casimir alirudi kwenye moto, wakaongea kwa Kibembe, wengine wakipandisha sauti, mmoja akisema wazi kwamba mwanamke huyu wa diploma ana roho mbaya. Nilisikia. Nilitulia kwenye mkeka. Nilipokaa pale nilikuwa nafikiri kwamba nimeipoteza milango kwa ajili ya ulimi wangu, na jambo la ajabu ni kwamba nisingeurudisha ulimi ule hata kwa milango.

Mzee aliporudi ukutani alimtazama Pulchérie.

“Kumujua muntu haiko kosa,” alisema. “Alikuambia njia. Hukuipita. Mama, iko nafasi bado. Simama kwa kile kiti, kaa hapa chini na bamama, ukule nasi, kesho ulete mbuzi yako na mikono yako. Shamba litakuwa lako.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana kuliko wa kwanza, na kilichotakiwa ni kushuka kutoka kwenye plastiki mpaka kwenye mkeka, urefu wa mkono mmoja. Shangazi asiye na meno tayari alikuwa amesogea kumwachia nafasi, akapiga mkeka kwa kiganja.

Pulchérie aliutazama mkeka. Aliyatazama matope pembeni yake, mguu wa shangazi wenye nyufa, na mimi niliyekaa pale. Nadhani kama mimi nisingekuwa pale, angekaa. Alishika mikono ya kiti. Aliinuka. Kisha akachukua viatu vyake vyeupe kutoka kwenye jiwe, akavaa kimoja, akavaa cha pili, akamwambia Wilfried waende. Wilfried akauliza na kiti je. Kiti kilibaki, na shangazi akakikalia kabla pikipiki haijafika barabarani.

Kabla ya wazee kutawanyika nilisema jina la Renilde, kama nilivyoahidi. Nikasema shamba sasa halina mtu na miche imefika kiganja. Casimir alisema Warundi wapande kesho chini ya ukoo, bila mwenye nusu katikati. Renilde atakuja yeye mwenyewe na kuku, uwezo wa mbuzi hana. Renilde, aliyekuwa nyuma ya kibanda akisikiliza, hakunishukuru. Alikuwa amekwishaondoka kwenda kung’oa miche.

Chefu wa mtaa aliandika. Pulchérie alipewa siku za kutoa vitenge vyake.

Njiani Raphaël alitembea mbele yangu. Tulipofika mto Mutambala alisimama darajani na kuniuliza kama sasa nimetosheka, maana yeye alikuwa ameogopa. Alisema yule mwanamke amebaki bila nyumba, bila milango na bila shamba. Alisema ana watoto.

“Mi pia niko na batoto,” nikamwambia. “Dany alikaa kwa kizingiti na mukoba. Ulisahau?”

Hakuwa amesahau. Tukavuka.

Siku ya kuhama nilipeleka benchi langu mapema, nikaliweka upande wa pili wa barabara, mbele kabisa ya milango, nikakaa. Niliwaambia watoto waje baada ya shule. Marobota yalitoka moja moja. Wanawake wa soko walipita, wakanisalimu kwa sauti ya chini, wengine wakajifanya wana haraka. Yule aliyecheka siku ile mpaka akashika mlango alikuja kuniuliza kama nitatafuta mpangaji, dada yake anauza ndakala, dagaa wakavu. Nikamwambia dada yake aje, yeye asije.

Pulchérie hakumtuma mtu siku ile. Wapagazi walikuwa wameongeza bei walipoona shida yake, Wilfried alikuwa ameharibikiwa na pikipiki, na alfajiri ilikuwa imempita akiwa bado na robo tatu ya mzigo ndani. Alibeba mwenyewe. Aliinama, akaingiza mikono chini ya robota, akaliinua mpaka begani, akatoka, akarudi, akainama tena. Kilemba kilimwanguka, hakukiokota. Jasho lilimtoka mpaka kitenge kikamshika mgongoni. Kila alipotoka mlangoni alikuwa lazima anione, kwa sababu benchi nililiweka ili anione.

Mara moja alisimama katikati ya barabara na robota begani, pikipiki zikimpita huku na huku. Akasema nifurahi, nishibe, Mungu hasinzii. Nikamwambia ni kweli, hasinzii, na bado kuna marobota katika mlango wa tatu.

Watu husema kisasi kikiisha kinaacha kinywa kichungu. Mimi nilikaa pale mpaka mlango wa mwisho ukawa mtupu, nikala mahindi ya kuchoma mawili, na yalikuwa matamu. Dany alifika na sare yake ya shule, akakaa karibu yangu, akauliza kwa nini simsaidii Maman Pulchérie kubeba. Nikampa kipande cha hindi. Nikamwambia ale, halafu achukue ufagio, kuna kazi ndani.